Kalamu Nyekundu: Namna ya Kuisoma Barua ya Kukuachisha Kazi

Mdogo wangu aliamka Jumanne saa kumi na moja alfajiri, akafungua kompyuta ya kazi, akaandika nywila. Ikakataa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Ikakataa. Mara ya nne akajilaumu kwamba amesahau, maana wiki iliyotangulia alikuwa ameibadilisha. Kumbe hakusahau kitu. Barua ilikuwa imelala kwenye baruapepe yake binafsi tangu saa saba usiku: aya saba, zimeanza kwa kumwita jina lake na kuishia kwa kumtakia kila la heri.

Aliisoma mara tatu, ndipo akanipigia. Sikumsikia akiuliza kodi ya nyumba ataitoa wapi. Aliuliza, "Dada, nimekosea wapi?"

Swali lile lilinikaa kooni. Kijana ameandikia programu kampuni ya ng'ambo miaka mitano akiwa chumbani kwake Dar es Salaam, amehudhuria vikao vya usiku wa manane kwa sababu huko kwao ni mchana, na sasa anaishika karatasi kama mtu aliyekabidhiwa majibu ya maabara, akitafuta mstari unaotaja ugonjwa wake. Nikamwambia aje nyumbani tuisome pamoja. Alikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku zote hizo alikuwa amejifungia ndani, anapitia kazi zake za nyuma, anatafuta kosa.

Mwongozo huu umetokana na Jumamosi hiyo, na pia na barua za wakurugenzi ambazo nimekuwa nikizisoma tangu mwishoni mwa 2022, wimbi la kupunguza wafanyakazi lilipozikumba kampuni kubwa za teknolojia za Marekani. Barua hizo zinafanana kama maandazi ya karai moja. Nauandika kwa ajili ya yeyote atakayeamka akute nywila imekataa.

Vifaa

Kalamu nyekundu. Kalenda. Kikokotoo cha simu kinatosha. Barua yenyewe, iwe imechapwa kwenye karatasi. Taarifa ya fedha ya kampuni: kama ni kampuni ya Marekani na hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York, taarifa hiyo hutolewa hadharani kila baada ya miezi mitatu kwa sheria ya Marekani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bure. Mwisho, mtu wa kukaa naye. Usiisome peke yako usiku, nakusihi. Mwaka 2009 wachumi Daniel Sullivan na Till von Wachter walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume wa jimbo la Pennsylvania waliopoteza kazi walizozishikilia kwa miaka mingi, na wakakuta kwamba mwaka wa kwanza baada ya pigo vifo vyao viliongezeka kwa kati ya asilimia 50 na 100. Barua hii si karatasi ya kuchezea. Pika chai kwanza.

Kila kitenzi kiulize swali

Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa kwa mfano wa embe. Juma amekula embe. Embe limeliwa na Juma. Mwalimu wetu hakukubali mtu aandike "embe limeliwa" akaachia hapo. Alikuwa anagonga meza kwa chaki: limeliwa na nani?

Chukua kalamu ufanye kama yeye. Pigia mstari kila kitenzi kilichomficha mtenda: imeamuliwa, nafasi imeondolewa, muundo umepangwa upya, mazingira yamebadilika. Katika aya mbili za mwanzo za barua ya mdogo wangu tulipata tisa. Pembeni ya kila mstari andika swali la mwalimu. Nani ameamua? Ameamua lini, kwenye kikao gani, akiwa na taarifa gani mezani?

Utakutana pia na sentensi moja ambamo mtenda amejitokeza kwa kifua mbele, nayo ni ile ya kubeba dhamana. Tarehe 9 Novemba 2022 Mark Zuckerberg alitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000 wa Meta, karibu asilimia 13 ya wafanyakazi wote, na akaandika kwamba anabeba dhamana ya maamuzi yaliyoifikisha kampuni pale. Tarehe 20 Januari 2023 Sundar Pichai wa Alphabet, kampuni mama ya Google, akawaaga watu 12,000 kwa maneno ya ukoo huo huo.

Mswahili anajua dhamana ni nini. Ukimdhamini mtu mahakamani unaacha hati ya kiwanja chako, na akitoroka, kiwanja kimekwenda. Asiyeacha kitu hajadhamini. Kwa hiyo karibu na sentensi hiyo andika: ameacha nini? Miezi mitatu baada ya barua yake, Alphabet ilieleza kwamba malipo ya Pichai kwa mwaka 2022 yalifika dola milioni 226, sehemu kubwa ikiwa hisa anazopewa kila baada ya miaka mitatu. Zuckerberg ana zaidi ya nusu ya kura za wanahisa wa Meta, hivyo hakuna kikao cha kumwondoa bila yeye mwenyewe kuridhia. Waliopunguzwa na Google nchini Marekani walilipwa mshahara wa wiki 16 na nyongeza ya wiki 2 kwa kila mwaka wa utumishi. Ni malipo ya maana, nayaandika ili haki itendeke. Lakini aliyekabidhi kiwanja ni yule aliyeondoka.

Hesabu vichwa, halafu hesabu riba

Barua karibu zote zinataja hali ya uchumi. Hapa ndipo ukae kwa muda mrefu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli, isipokuwa limeelezwa kama mvua, kana kwamba limenyesha tu.

Mwisho wa 2019 Meta, wakati huo ikiitwa Facebook, ilikuwa na wafanyakazi 44,942. Kufikia Septemba 2022 walikuwa 87,314. Alphabet ilitoka 118,899 mwisho wa 2019 ikafika 190,234 mwisho wa 2022. Nani aliwaita watu wote hao? Zuckerberg alieleza mwenyewe: wakati wa korona watu walijifungia majumbani, biashara ya mtandaoni ikapaa, naye akaamini haitashuka tena. Ikashuka.

Ila kuamini vibaya peke yake hakuajiri watu elfu arobaini. Lazima pawe na fedha ya kuamini nayo. Kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani iliweka riba yake kati ya asilimia 0 na 0.25. Fikiria mtu mwenye dola bilioni moja katika miaka hiyo. Akiiweka kwenye hati fungani fupi za serikali hapati kitu. Kwa hiyo anazunguka akitafuta kampuni inayokua, hata kama faida yake itaonekana baada ya miaka kumi, kwa sababu kusubiri hakumgharimu. Kampuni nazo zikajua kinachotafutwa ni ukuaji: watumiaji wapya, miradi mipya, ofisi mpya, na wahandisi wapya wa kuzijaza.

Halafu bei za vyakula na mafuta zikapanda Marekani, na benki kuu ikapandisha riba mara kwa mara hadi ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mwezi Julai 2023. Mwenye bilioni yule wakati huo aliweza kukaa barazani akalipwa asilimia 5 na serikali bila jasho. Akirudi kwenye kampuni anauliza: fedha yangu iko wapi mwaka huu? Mradi uliotarajiwa kulipa mwaka 2032 ukawa ghali usiku mmoja, na ndani yake hakuna kilichobadilika. Programu ni ile ile, timu ni ile ile, kikao cha asubuhi ni kile kile.

Nilimweleza mdogo wangu hivyo, nikamwona anaacha kugusa karatasi kwa mara ya kwanza. Mradi wake ulianza 2021. Kilichouua ni riba iliyopigiwa kura na watu wasiozidi 12 katika chumba kimoja mjini Washington, watu ambao hawajawahi kuisoma hata mistari miwili ya kazi yake.

Wengine huuawa na deni kabisa. Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 Oktoba 2022, takriban bilioni 13 za fedha hiyo zilikuwa mikopo aliyobebeshwa mnunuliwa, yaani kampuni yenyewe ndiyo ilipe. Wiki moja baadaye karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 walikuwa nje. Miongoni mwao walikuwamo wale wachache wa ofisi ya Accra, ofisi pekee ya Twitter barani Afrika, ambao walikuwa wamehamia jengo lao siku hizo hizo.

Tafuta barua iliyotangulia yako

Kabla barua haijakufikia wewe, mara nyingi kuna nyingine iliyomfikia mkurugenzi. Hiyo ndiyo uitafute.

Tarehe 15 Novemba 2022 mfuko wa uwekezaji wa TCI wa London, unaoongozwa na Christopher Hohn, uliiandikia Alphabet barua ya wazi. Ilisema kampuni ina watu wengi mno na inawalipa mno, ipunguze. Miezi miwili baadaye ikaja ile barua ya watu 12,000. Siku hiyo hiyo Hohn akaandika barua nyingine: haitoshi, rudini hadi watu wapatao 150,000. Hapo hakuna embe lisilo na mlaji. Jina lipo, tarehe ipo, ombi lipo. Alphabet ilikuwa imepata faida ya karibu dola bilioni 60 mwaka huo wa 2022.

Mwezi Aprili 2023, bodi ya Alphabet ikaidhinisha dola bilioni 70 za kununua hisa za kampuni yenyewe. Jambo hili lina maana rahisi. Kampuni inaingia sokoni na fedha zake, inanunua hisa zake na kuzifuta. Keki ni ile ile, walaji wamepungua, kipande cha kila aliyebaki kinakuwa kikubwa. Wakurugenzi wanaolipwa kwa hisa wamo kati ya waliobaki mezani.

Washa kikokotoo. Gawa bilioni 70 kwa watu 12,000. Unapata zaidi ya dola milioni 5.8 kwa kila aliyeondolewa. Mfanyakazi wa kati wa Alphabet, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi, alilipwa karibu dola 296,000 mwaka 2021. Fedha iliyotengewa hisa ingemlipa kila mmoja wa wale 12,000 karibu miaka 20. Sisemi kila mmoja alistahili kukaa miaka 20. Nasema neno "hatuwezi kumudu" likitokea kwenye barua ya kampuni ya namna hii, lipigie mstari mara mbili.

Meta nayo ilitangaza tarehe 1 Februari 2023 kwamba imeongeza dola bilioni 40 kwa kazi hiyo hiyo ya kununua hisa, na kwamba mwaka huo ni mwaka wa ufanisi. Siku iliyofuata bei ya hisa yake iliruka kwa asilimia 23. Mwezi Machi ikatangaza kuondoa watu wengine 10,000. Idara yake ya miwani na ulimwengu wa kidijitali ilikuwa imepoteza dola bilioni 13.7 mwaka 2022, na idara hiyo ni ndoto ya mtu mmoja.

Fungua kalenda

Zungushia tarehe hizi duara, zote za Januari 2023. Tarehe 4: Amazon inasema itapunguza zaidi ya watu 18,000, na siku hiyo hiyo Salesforce inatangaza kupunguza asilimia 10. Tarehe 18: Microsoft, watu 10,000; usiku wa kuamkia tangazo viongozi wake walikuwa Davos, Uswisi, wakimsikiliza mwanamuziki Sting kwenye hafla ya faragha. Tarehe 20: Google. Kampuni hizi zinauza vitu tofauti, zina hazina tofauti, na shida zao, zilipokuwa na shida, hazikufanana. Inakuwaje zote ziugue mwezi mmoja?

Jeffrey Pfeffer wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyesoma tabia za kampuni kwa miongo mingi, alilieleza jambo hili wakati lenyewe linatokea: ni maambukizi, kampuni zinaigana. Mimi naongeza la kwetu: kifo cha wengi harusi. Mkurugenzi anayefukuza watu peke yake mwezi Agosti ataulizwa na magazeti na wanahisa kampuni yake imeharibikaje. Anayefukuza Januari pamoja na wenzake haulizwi. Anayekataa kufukuza ndiye anayeulizwa kwa nini yeye anajiona tofauti.

Wapo waliokataa. Apple haikuwa imejaza watu kwa kasi ya majirani zake wakati wa korona, na Januari 2023, mwezi wa mazishi yale, habari yake ilikuwa kwamba malipo ya mkurugenzi wake Tim Cook yanakatwa kwa zaidi ya asilimia 40. Na kabla ya hapo, Japani, kampuni ya michezo ya Nintendo ilipokuwa taabani, rais wake Satoru Iwata aliwaambia wanahisa mwaka 2013 kwamba ukipunguza watu kwa ajili ya hesabu za muda mfupi unavunja moyo wa waliobaki, na watu wenye hofu hawatengenezi michezo ya kuwafurahisha wengine. Mwanzoni mwa 2014 alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano. Huyo aliacha hati ya kiwanja. Nikiulizwa dhamana maana yake nini kwenye biashara hii, namtaja yeye.

Sababu iliyofichwa kwenye sheria ya kodi

Hii haimo kwenye barua yoyote niliyosoma, nayo imewaumiza wengi, hasa kwenye kampuni ndogo. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 2017 ilikuwa na kifungu kilichotegwa kianze kazi 2022. Kabla yake, kampuni iliyolipa wahandisi wake ilikuwa inaondoa mishahara yote kwenye mapato ya mwaka huo huo kabla ya kukatwa kodi. Kuanzia 2022, gharama za utafiti, na kuandika programu kumehesabiwa humo, zikatawanywa kwa miaka 5 kama kazi imefanyika Marekani, na miaka 15 kama imefanyika nje.

Tuseme kampuni ndogo imeingiza dola milioni moja na imelipa wahandisi wake walioko Marekani milioni hiyo yote. Haijabakiza senti. Kwa kanuni mpya, mwaka wa kwanza iliruhusiwa kuondoa asilimia 10 tu ya mishahara, hivyo machoni pa serikali ina faida ya dola 900,000, na kodi yake kwa kiwango cha asilimia 21 ni dola 189,000. Itazitoa wapi? Itaangalia orodha ya mishahara. Julai 2025 sheria mpya iliondoa mzigo huo kwa kazi inayofanyika Marekani. Kwa kazi ya nje ile miaka 15 imebaki, na Dar es Salaam, Nairobi na Kigali ni nje.

Ukikuta neno "akili unde"

Barua za miaka ya karibuni zimepata mshitakiwa mpya. Mshitakiwa huyu ana makosa yake, lakini anabebeshwa na ya wengine.

Kuna mahali ambapo mashine imechukua kazi kweli. Marc Benioff wa Salesforce alisema mwaka 2025 kwamba idara yake ya kuhudumia wateja imeshuka kutoka watu 9,000 hadi 5,000 kwa sababu hiyo. Lakini Klarna ya Sweden ilijitangaza Februari 2024 kwamba mashine yake inafanya kazi ya watu 700, na mwaka uliofuata mkurugenzi wake akakiri kwamba huduma imeshuka ubora, wakaanza kutafuta watu tena. Naye Andy Jassy wa Amazon aliwaandikia wafanyakazi wake Juni 2025 kwamba akili unde itapunguza idadi yao ofisini miaka ijayo. Oktoba ikatangazwa kwamba watu 14,000 wanaondoka. Siku mbili baadaye wachambuzi wa fedha wakamuuliza sababu, akajibu kwamba msukumo hasa si fedha, na kwa sasa si akili unde, ni utamaduni wa kampuni: ngazi za uongozi zimekuwa nyingi mno. Mfanyakazi aliyeondolewa siku hiyo ashike lipi?

Kuna kipimo kimoja kizuri. Mpigie mwenzako aliyebaki umuulize: kazi yangu anaifanya nani leo? Kama ni mashine, atakuambia. Kama ni yeye mwenyewe, kuanzia saa mbili usiku baada ya kumaliza yake, utasikia kwa sauti yake kabla hajajibu.

Na mara nyingine mashine imeingia kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa gharama. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Juni 2025 Microsoft ilipanga kutumia dola bilioni 80 kujenga vituo vya data, ikapata faida ya zaidi ya bilioni 100, na Julai ikaondoa watu wapatao 9,000. Chipu na umeme wa vituo hivyo lazima vilipiwe, na mshahara ni gharama inayoweza kukatwa kwa baruapepe moja.

Januari 2025 Meta ilifanya jambo ambalo kwangu ni baya kuliko yote. Ilitangaza kuondoa asilimia 5 ya wafanyakazi, ikawaita wenye ufanisi wa chini kuliko wengine, watu wapatao 3,600. Mwezi huo huo ilisema itatumia kati ya dola bilioni 60 na 65 kwa uwekezaji wa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya akili unde. Waliondoka na chapa kwenye paji la uso, wakaingia kwenye soko ambalo kila mwajiri amesoma habari hiyo. Baadhi walijitokeza kusema tathmini zao za kazi zilikuwa nzuri. Wahamiaji kati yao, wenye viza ya kazi ya H-1B, wana siku 60 za kupata mwajiri mwingine, la sivyo wafungashe, na watoto wakiwa katikati ya muhula.

Ukiwa upande huu wa bahari

Januari 2023, mwezi ule ule wa duara zetu, kampuni ya Sama ilitangaza mjini Nairobi kwamba inaacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Watu wapatao 260 walikuwa wakiifanya, wakitazama kutwa nzima picha za mauaji na ubakaji ili wengine tusizione, kwa Kiswahili, Kiamhari, Kisomali na lugha nyingine. Wao hawakuandikiwa na Zuckerberg. Hakubeba dhamana yao hata kwa maneno. Msimamo wa Meta ulikuwa kwamba mwajiri wao ni Sama.

Zaidi ya 180 wakaenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Walikuwa na la kudai kwa sababu sheria za kwetu, tofauti na ya Marekani, zinamtaka mwajiri ajieleze. Marekani mwajiri mkubwa anadaiwa notisi ya siku 60 tu akipunguza watu kwa wingi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya mwezi mmoja yenye sababu, nakala kwa afisa wa kazi, vigezo vya haki vya kuchagua nani aondoke, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu. Baruapepe ya saa saba usiku haijashauriana na mtu.

"Lakini mkataba wangu unaniita mkandarasi huru," mdogo wangu akasema. Nikamuuliza: saa zako za kazi alipanga nani? Kompyuta ni ya nani? Ulikuwa na mteja mwingine? Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania inaangalia mambo kama hayo, haiishii kwenye jina walilokubandika. Mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na malalamiko ya kuachishwa kazi yanapaswa kufika ndani ya siku 30.

Akanyamaza akihesabu vidole.

Jambo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza: namba za simu za wenzako ziandike kwenye karatasi leo, wakati nywila bado inakubali. Tarehe 1 Mei 2023 wachuja maudhui zaidi ya 150 walikutana ukumbini Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi, na mtu hawezi kukutana na wenzake kama namba zao zimefungiwa kwenye kompyuta ya bosi. Mdogo wangu alikuwa na mbili tu kati ya timu ya watu kumi na mmoja, na kwa siku zote zile hakuwa amezipiga, kwa aibu. Nikampa simu. Mmoja alikuwa Mbagala, mwingine Kigamboni. Wote wawili walikuwa wamefungiwa nje alfajiri ile ile. Jioni walikuwa sebuleni kwangu, kila mmoja na karatasi yake.

Tukazipanga tatu mezani. Aya ya kwanza jina limebadilika. Ya pili na ya tatu ni zile zile. Aya ya nne, ile ambayo mdogo wangu alikuwa ameisoma hadi karatasi ikalegea kwenye mkunjo, ile iliyomshukuru kwa mchango wake wa kipekee, ilikuwa ile ile neno kwa neno, mpaka nafasi mbili zilizorukwa kimakosa baada ya nukta.

Aliitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya karatasi yake: siku ya 11. Chini yake akaandika: zimebaki 19.